Nduma Mbichi Haitaki Friji

Katika soko la Jericho, Eastlands jijini Nairobi, nduma huuzwa ikiwa bado na udongo wake, na mnunuzi mwenye haraka humwomba mama mboga amwoshee kabisa. Heri angeuacha udongo huo. Nduma, ambayo watu wa Pwani huiita jimbi na wanasayansi Colocasia esculenta, si mzizi hasa. Ni shina lililovimba chini ya ardhi likajaa wanga. Hata baada ya kung'olewa ingali hai: inapumua, inapoteza maji, inangoja kuchipua.

Ndiyo maana friji haiifai ikiwa mbichi. Huu ni mmea wa nchi za joto, na baridi kali huziumiza seli zake. Nyama hugeuka kahawia na kuoza mapema. Mfuko wa plastiki uliofungwa nao hukusanya unyevu, na unyevu huita ukungu. Iweke kikapuni au kwenye gunia, ikiwa kavu, bila kuoshwa, penye kivuli na hewa. Iliyochubuka ipikwe kwanza, kwani uozo huingilia kwenye jeraha.

Nduma mbichi pia huwasha: ndani ya seli zake mna vijisindano vya oksaleti ya kalsiamu, vidogo visivyoonekana kwa macho. Ukila nduma isiyoiva, huchoma ulimi na koo. Ni silaha ya mmea dhidi ya walaji. Mikono pia huwashwa, hasa ikiwa imelowa, kwa hiyo menya ukiwa na mikono mikavu au chemsha na maganda yake. Usiwe na haraka na sufuria: pika mpaka kisu kipenye katikati bila kukwama, kisha mwaga maji yale, maana sehemu ya oksaleti huyeyukia humo.

Na hapa nawasifu wanaokula nduma kwa chai ya maziwa, mazoea ya asubuhi katika nyumba nyingi za Eastlands. Kalsiamu ya maziwa huinasa oksaleti tumboni, ikapungua ile inayoingia damuni na kufika kwenye figo. Chai ya rangi haina faida hiyo.

Ikishaiva, mambo hugeuka. Sasa friji ndiyo mahali pake, siku 3 hivi, ikiwa imefunikwa vizuri. Vipande vilivyolala humo hukaangika vizuri sana asubuhi. Lakini aliyewahi kuugua mawe ya figo amwone daktari kabla ya kuifanya nduma kuwa chakula chake cha kila siku.