Kihadza na Bonde Lake

Ni sehemu chache mno barani Afrika ambako msafiri aweza, kwa mwendo wa siku moja, kusikia lugha za asili nne zisizo na udugu. Wilaya za Mbulu na Hanang ni miongoni mwazo. Wairaqw husema lugha ya Kikushi. Wabarabaig wa Hanang, ambao ni Wadatooga, lugha ya Kiniloti. Majirani zao Wanyiramba, ya Kibantu. Na katika bonde la Yaeda wako Wahadzabe, ambao lugha yao haina ndugu. Zamani wataalamu waliiunganisha na Kisandawe na lugha za kusini mwa Afrika kwa sababu ya vidoko vyake. Leo wengi wameiacha rai hiyo.

Wasemaji wake ni kiasi cha elfu moja tu, lakini uchache huo usichukuliwe kuwa umaskini wa lugha. Mnyama mkubwa akiwa hai ana jina lake. Akishauawa na wawindaji hutajwa kwa jina jingine, la kutangaza mawindo. Je, mtoto atayajifunza wapi majina hayo pasipo porini? Shuleni hufundishwa kwa Kiswahili, nasi hatukipingi. Hofu yetu ni juu ya pori lenyewe.

Mfano tunao karibu. Kikw'adza, lugha ya Kikushi iliyosemwa humu humu Mbulu, kilitoweka katika robo ya mwisho ya karne iliyopita.

Serikali ilijaribu kuwakusanya Wahadzabe Yaeda Chini mwaka 1964. Maradhi yakawaandama, na wengi wakarejea porini. Busara zaidi ilionekana mwaka 2011, walipopewa hati ya hakimiliki ya kimila ya hekta zipatazo 20,000 chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Hata hivyo, mifugo na majembe bado yanalisogelea bonde. Tusiwatupie wafugaji lawama zote: Wabarabaig nao walipoteza malisho yao bora pale mashamba makubwa ya ngano, yaliyosaidiwa na Kanada, yalipotanda Hanang katika miaka ya 1970 na 1980. Anayenyimwa malisho huku hana budi kuyatafuta kule.

Kwa hiyo twaiomba Halmashauri ya Wilaya ya Mbulu iilinde mipaka iliyomo katika hati ile, na wenzao wa Hanang wasichoke kuwatafutia wafugaji malisho, kabla kiangazi hakijawakutanisha tena kwenye visima vya Yaeda.