Magazeti Yaliyosomwa kwa Mdomo: Utangulizi

Huu ni utangulizi wa uwanja unaochunguza jinsi watu walivyoandika na kupashana habari chini ya sheria za vita na za dharura. Hapa Kenya, kipindi chake kikuu ni Hali ya Hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 ikadumu hadi Januari 1960.

Miaka michache kabla ya hapo, magazeti ya Waafrika yalikuwa yamechipuka kwa wingi. Henry Muoria alianzisha Mumenyereri mwaka 1945, kwa Kikuyu, Achieng Oneko akaendesha Ramogi kwa Kijaluo, W. W. W. Awori, mzaliwa wa huku kwetu magharibi, akahariri Radio Posta. Mengi yalichapwa kwenye mitambo ya Wahindi, na nakala moja ilitosha kijiji kizima, maadamu alikuwepo wa kuisoma kwa sauti. Hali ya Hatari ikafyeka mengi ya magazeti hayo. Muoria, ambaye tayari alikuwa London, hakurudi tena kuishi nyumbani. Mwandishi Gakaara wa Wanjaũ alikamatwa katika msako wa kwanza kabisa. Hata hivyo, Baraza, gazeti la Kiswahili la kampuni ya East African Standard, liliendelea kutoka.

Lakini ukiishia kwenye orodha ya magazeti yaliyofungiwa, utapitwa na utamu wote. J. M. Kariuki, mahabusu wa zamani, anasimulia katika kitabu chake cha 1963 kwamba mahabusu wa kambi ya Manyani walikuwa na "magazeti" mawili yasiyo na karatasi. Manyani Times lilibeba habari za hakika, zilizookotwa kwenye magazeti ya walinzi au kusikika redioni. Waya Times lilibeba uvumi. Fikiria maana yake: watu waliozungushiwa seng'enge walijitungia kanuni ya uhariri, na kila msikilizaji akajua anapokea habari ya aina gani. Kwangu mimi, huo ni uandishi wa habari kamili.

Gakaara naye aliandika shajara kwa siri kizuizini. Ilipotoka kama kitabu ilimpatia Tuzo ya Noma mwaka 1984. Akiwa katika kambi ya Athi River alilifanyia kazi pia gazeti la kambi, chini ya macho ya wakubwa. Je, tumwite msaliti kwa sababu hiyo? Wachina nao wamebishana vivyo hivyo kwa miaka mingi juu ya mwandishi Zhang Ailing, aliyepata umaarufu Shanghai mwaka 1943 mji ukiwa mikononi mwa Wajapani. Naomba usiharakishe hukumu. Soma kwanza alichoandika mtu, na uangalie alichokwepa kukiandika.

Nakuandikia wewe, msomaji wa Cheptais, kwa sababu mahsusi. Hapo jirani, Malakisi, polisi waliwafyatulia risasi waumini wa Dini ya Msambwa Februari 1948. Dini ikapigwa marufuku, na kiongozi wake, Elijah Masinde, akapelekwa uhamishoni Lamu. Sehemu kubwa ya maandishi tuliyo nayo kuhusu mkasa huo ni ripoti za maofisa. Upande wa pili umo katika nyimbo na masimulizi ya wazee, Wabukusu na Wasabaoti, nao wanapungua kila mwaka. Waulize habari ilifikaje sokoni, ilisemwa na nani, kwa lugha gani, na nani aliaminiwa.