Nyuzi za Nano na Vumbi la Machimbo ya Taita

Vumbi jekundu ambalo upepo wa kiangazi huliinua baina ya Bura na Voi, ijapokuwa huwaudhi wasafiri na kuzichafua nguo zilizoanikwa, si lenye madhara makubwa kupita yote katika nchi ya Taita, kwani chembe zake nyingi ni kubwa, nazo hunaswa puani na kooni, kisha zikatoka kwa kamasi na kikohozi. Vumbi la kuhadhari nalo ni lile lisiloonekana kwa macho, litokalo katika machimbo ya vito ya upande wa Kamtonga na Kasigau, ambako wachimbaji hupasua miamba yenye silika wakitafuta tsavoraiti, kito cha kijani kilichopata kujulikana katika sehemu hizo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Chembe za silika zisizozidi maikromita 4, na maikromita ni milimita moja iliyogawanywa mafungu 1,000, hupenya hadi vifuko vya mwisho vya mapafu, zikakaa humo na kuacha makovu. Na maradhi hayo, yaitwayo silikosisi, hayajapatiwa dawa ya kuyaponya.

Kinga ambayo watu huikimbilia dhidi ya vumbi hilo ni barakoa, lakini wengi walioizoea tangu Machi 2020, korona ilipothibitishwa kuingia Kenya, hudhani kwamba kazi yake ni kama ya chekeche la unga, kuzuia kilicho kikubwa kuliko tundu na kukiachia kilicho kidogo. Dhana hiyo si sahihi. Chembe kubwa, kwa sababu ya uzito wake, hushindwa kupinda pamoja na hewa inayouzunguka uzi wa barakoa, ikaugonga na kuugandama. Chembe ndogo mno nayo husukumwa huku na huku na molekuli za hewa, hata ikaugusa uzi pasipo kukusudia. Ama ile ya katikati, yenye kadiri ya maikromita 0.3, si nzito ya kugonga wala si nyepesi ya kutangatanga, na kwa hiyo ndiyo iliyo hodari wa kuponyoka. Ndiyo maana barakoa za daraja la N95 hupimwa kwa chembe za kadiri hiyo, na sharti zikamate zisizopungua 95 katika kila 100.

Hapa ndipo wembamba wa uzi unapopata thamani. Uzi mmoja wa mkonge, kama wa shamba kubwa la Mwatate, una unene wa maikromita 100 hadi 300. Nyuzi za plastiki zilizomo katika barakoa za kawaida aghalabu huwa na maikromita 1 hadi 10. Ilhali nyuzi za nano hazifikii hata maikromita moja, na nyingine zina unene wa maikromita 0.2 tu, yaani kadiri ya mara 1,000 chini ya ule wa mkonge. Uzi ukiwa mwembamba kiasi hicho, hewa huteleza kandoni mwake kwa wepesi, hata mvaaji akapumua pasipo taabu kubwa, na chembe zikanaswa kwa wingi. Zaidi ya hayo, barakoa za kawaida hutegemea chaji ya umeme iliyotiwa katika nyuzi zake, nayo hupotea zikioshwa kwa sabuni au spiriti. Nyuzi za nano hutegemea zaidi umbo lake zenyewe.

Njia ya kuzitengeneza si ngeni, kwani hataza zake za awali zilitolewa Marekani mwaka 1902. Plastiki huyeyushwa katika kiowevu, ikapitishwa katika sindano iliyounganishwa na umeme wa volti 10,000 hadi 30,000, na nguvu ya umeme huo hulivuta tone likachongoka na kurusha uzi unaojipinda angani, kiowevu kikakauka, uzi ukatua juu ya bamba kama utando. Katika Urusi ya Kisovieti, mwishoni mwa miaka ya 1930, mwanakemia Petryanov na wenzake walitumia nyuzi hizo kwa vichujio vya hewa, na barakoa za namna hiyo zikavaliwa na waliopelekwa Chernobyl baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia mwaka 1986.

Walakini sifa hizi zisimghuri mtu. Utando wa nano ni dhaifu, hivyo hulazwa juu ya kitambaa kigumu, wala haufai kufikichwa. Hauzuii gesi, hata zile zitokanazo na baruti. Na vumbi likizidi, huziba upesi. Tena, barakoa yoyote iachayo mwanya kando ya pua au juu ya ndevu, hata iwe ya nyuzi nyembamba namna gani, hupoteza sehemu kubwa ya faida yake, maadamu hewa hupita palipo rahisi.

Kwa sababu hizo, hukumu ya wataalamu ni kwamba barakoa ni ngome ya mwisho, na ngome ya kwanza ni maji, yanayolowesha jiwe kabla na wakati wa kutoboa ili vumbi lisipate kuruka. Maji ni adimu katika nyanda za chini za Taita, nasi twalijua hilo. Lakini kiasi kinachohitajika katika kutoboa si kikubwa ukikilinganisha na gharama ya mapafu yasiyotibika. Basi wenye machimbo na wawape vijana wachimbaji maji ya kutobolea na barakoa zinazowakaa sawasawa usoni, na vijana nao wasikubali kuteremka shimoni na kipande cha leso mdomoni wakadhani wamejikinga.