Adhana Niliyoikata kwa Mkono Wangu

Wengi wetu tukaapo mbele ya televisheni hudhani kwamba filamu hupigwa moja kwa moja kama tunavyoiona, tangu mwanzo hadi mwisho. Nami nilikuwa mmoja wao, mpaka nilipoingia chuoni Nairobi kujifunza kazi hiyo, na mwaka 2018 tukapewa zoezi: watatu watatu, tutengeneze filamu ya dakika saba juu ya fundi na kazi yake. Wenzangu wawili walikuwa watu wa bara, na waliposikia kwetu ni Lamu hawakunipa hata nafasi ya kujitetea. Tukashika njia hadi Mokowe, tukavuka kwa mashua, na kesho yake tukaenda Matondoni, kijiji ambacho msomaji wa pwani hana haja ya kuelezwa sifa zake katika kuunda majahazi.

Mzee wetu, ambaye mwenyewe hakupenda jina lake litajwe, tulimkuta bandani chini ya makuti akitoboa ubao kwa keekee. Nyuma yake bahari ilimeremeta kwa jua la saa sita. Nikaona picha imejileta yenyewe! Kumbe jicho la mwanadamu lina uvumilivu ambao lenzi haina. Nilipotaka bahari ionekane, mzee aligeuka kivuli cheusi. Nilipofungua tundu la lenzi ili uso wake upate mwanga, bahari iliungua ikawa nyeupe kama karatasi. Tulihangaika hivyo hadi adhuhuri ikapita. Mwishowe mzee mwenyewe akatuhurumia.

"Wanangu, jua halitageuka kwa ajili yenu. Mbona hamgeuki nyinyi?"

Tukageuka. Mwanga ukamjia ubavuni, na kila kunjo la uso wake likasema kitu. Somo hilo mwalimu alikuwa ameliandika ubaoni muhula mzima.

Jambo la pili lilimchekesha mzee zaidi. Kila tendo tulitakiwa kulipiga mara tatu: kwa mbali, kwa kadiri, na kwa karibu sana. Tezo huinuliwa katika picha ya mbali na kuteremka katika picha ya karibu. Ukikata katikati ya mwendo huo, mtazamaji haoni mshono. Lakini hayo ukamweleze nani? "Shimo hili nimekwisha litoboa," alinung'unika, akashika keekee mara ya tatu. Mwenzangu naye alitutia hasara yake. Mzee alipokuwa akizungumza na mwanafunzi wake, mwenzangu aliruka na kamera upande wa pili wa watu hao. Tulipokuja kuziunga picha, wote wawili walionekana wanatazama upande mmoja, kana kwamba kila mmoja anazungumza na mtu mwingine asiyekuwapo.

Lakini haya yote ni madogo. La kunitoa jasho lilikuja alasiri, tulipomketisha mzee kwa mahojiano. Nilimuuliza kama vijana bado wanaijali kazi hii. Alifikiri, akatazama mataruma ya jahazi lililokuwa halijapigwa mbao, akasema, "Kazi hii imekwisha." Papo hapo muadhini akaanza kuadhini. Mzee akanyamaza, akawa anaitikia kwa sauti ya chini. Adhana ilipokwisha akaomba dua, kisha akamalizia maneno yake kama mtu aliyeacha kikombe cha kahawa na kukirudia: "Kwa mwenye haraka, mwanangu. Mimi hapa naunda."

Tuliporudi Nairobi tukaingia katika kuhariri. Siku hizi hakuna tena mkasi wala gundi. Kila kitu hufanyika ndani ya kompyuta, na neno kukata limebaki jina tu. Ukimya wa mzee ulikuwa umekula karibu dakika tatu katika saba tulizopewa, basi nikauondoa. Lo! Adhana ikaruka kutoka takbiri za mwanzo hadi "Hayya alal-falah". Wenzangu hawakusikia kasoro yoyote, lakini mimi nywele zilinisimama. Picha unaweza kuikata na jicho likasamehe, ila sauti inayosikika nyuma ya maneno hukatika nayo, na sikio linaloijua hushtuka.

Nikapata hila. Nilimaliza filamu pale aliposema "Kazi hii imekwisha", adhana ikianza na picha ikififia. Darasa zima lilipiga makofi. Mmoja alisema karibu alie.

Darasani tulikuwa tumesimuliwa habari za Mrusi mmoja, Lev Kuleshov, ambaye karibu mwaka 1920 aliuunga uso uleule wa mwigizaji Ivan Mosjoukine na sahani ya supu, kisha na maiti, na watu wakasifu jinsi alivyoonyesha njaa na huzuni, ilhali uso haukubadilika hata kidogo. Tuliicheka hadithi hiyo. Mimi nilikuwa nimelifanya lilelile kwa mzee aliyenipa kahawa yake.

Likizo nilikwenda kumwonyesha. Aliitazama hadi mwisho, akangoja kidogo kama anayetazamia iendelee. Kisha akasema, bila hasira, "Maneno ni yangu. Lakini sikuyasema."

Sikulala vizuri usiku ule. Alama za mwisho zilikuwa hazijatolewa bado, kwa hiyo niliporudi nikawaomba wenzangu tuifungue kazi upya. Adhana tukaiacha nzima, na juu yake tukaweka zile picha ambazo tulidhani hazina kazi: keekee imelazwa mchangani, tezo imeegemezwa mkukuni, mtoto anakimbilia msikitini huku anavaa kofia. Ndipo mzee akarudi na kumalizia sentensi yake. Filamu ikawa dakika kumi kasoro kidogo, na tukapunguziwa alama kwa kupita kipimo. Mwenzangu mmoja alininunia kwa wiki mbili, wala simlaumu.

Nakala tulimpelekea mzee katika simu ya mjukuu wake. Naambiwa kwamba adhana ilipoanza aliitikia, yule wa kwenye picha na huyu aliyeketi, kwa pamoja. Kisha akataka kujua yako wapi yale mashimo mengine mawili aliyochoshwa kuyatoboa bure.