Aya Kumi na Mbili za Mwisho wa Marko

Wapo Wakristo wanaoshtuka wakifungua Marko sura ya 16 katika tafsiri ya siku hizi na kukuta aya ya 9 hadi ya 20 zimewekwa kwenye mabano. Wengine wameshaambiwa kwamba kuna watu wanaikata Biblia. Ukweli ni kinyume chake: mabano hayo yamewekwa na wasomi walioyachunguza Maandiko neno kwa neno.

Hatuna maandishi ya mkono wa Marko mwenyewe. Tulizo nazo ni nakala za nakala, zilizoandikwa kwa kalamu na wino karne baada ya karne, hadi Gutenberg alipochapa Biblia katika miaka ya 1450. Nakala za Kigiriki za Agano Jipya, pamoja na vipande, zinazidi 5,000, nazo hutofautiana. Kuzilinganisha ili kujua maneno yapi yalitangulia ndiko kunakoitwa uhakiki wa matini.

Tofauti nyingi ni ndogo, zimeletwa na uchovu au mazoea. Jicho la mnakili huruka mstari. Au mtu aliyezoea Sala ya Bwana ya Mathayo anafika kwenye ile fupi ya Luka, na mkono wenyewe unaijazia.

Kodeksi ya Vatikano, yaani kitabu cha Biblia kilichoandikwa kwa mkono katika karne ya 4, ina ukurasa unaoonyesha kazi hii vizuri. Katika Waebrania 1:3 neno moja lilikosewa, msahihishaji akalirekebisha. Baadaye sana mtu mwingine akalirudisha lile la awali, kisha akaandika pembeni kwa ukali, akimwita msahihishaji mpumbavu na kumwamuru aache ya kale kama yalivyo. Alikuwa na nia njema kabisa, lakini alikuwa akilinda kosa. Ndiyo maana wahakiki hawaridhiki na umri wa nakala wala wingi wake. Huuliza pia ni usomaji upi unaoeleza jinsi mwingine ulivyozaliwa.

Sasa turudi kwa Marko. Kodeksi ya Vatikano na ile ya Sinai, ambazo ni miongoni mwa nakala zetu kongwe na bora, zinaishia aya ya 8, wanawake wakikimbia kaburini kwa hofu. Eusebio wa Kaisaria, mwanahistoria wa Kanisa, alilijua jambo hilo tangu karne ya 4. Lakini askofu Irenayo, katika karne ya 2, tayari aliinukuu aya ya 19. Kwa hiyo wasomi wengi wanaona kuwa aya hizo ni za kale sana, ila hazikuandikwa na Marko.

Jambo hili si la maktaba tu. George Went Hensley, mhubiri wa Marekani aliyeeneza desturi ya kushika nyoka ibadani kwa kutegemea aya ya 18, alikufa kwa kuumwa na nyoka mwaka 1955. Mchungaji anayelijua suala la aya hizi na kulinyamazia anawanyima waumini wake kitu wanachostahili. Watalisikia tu, na pengine kwa mtu anayetaka kuwavunja imani.

Na ufufuo hautegemei aya hizo 12. Kijana aliyevaa vazi jeupe anautangaza katika aya ya 6, ambayo imo katika kodeksi zote mbili. Paulo naye alikwisha kuwaandikia Wakorintho habari za mashahidi waliomwona Bwana, miaka kadhaa kabla ya wakati ambao wasomi wengi wanaamini Marko aliandika Injili yake.