Nyambui: Mtaji wa miguu kutoka Majita

MFANYABIASHARA wa dagaa anajua kwamba msimu ukipita, umepita. Mwanariadha naye ana msimu wake, tena mfupi. Swali ni je, atabaki na nini mwili ukichoka?

Suleiman Nyambui, aliyezaliwa mwaka 1953 Majita, mkoani Mara, kandokando ya Ziwa Victoria, ana jibu la kujifunza.

Agosti 1, 1980 alishika nafasi ya pili katika fainali ya mita 5,000 ya Michezo ya Olimpiki mjini Moscow. Miruts Yifter wa Ethiopia alimtangulia kwa chini ya sekunde moja. Siku moja kabla, Filbert Bayi alipata medali ya fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Hadi kumalizika kwa Michezo ya Paris mwaka 2024, Tanzania ilikuwa haijapata medali nyingine ya Olimpiki.

Hata hivyo, medali hiyo haikuwa biashara. Kanuni za riadha ya ridhaa wakati huo hazikumruhusu mkimbiaji kupokea zawadi ya fedha. Nyambui alivuna kwingine: miguu ilimfungulia mlango wa Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, nchini Marekani. Akiwa huko alitwaa ubingwa wa vyuo vikuu wa mita 10,000 mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982.

Kisha soko likabadilika. Katika miaka ya 1980 mbio za barabarani zilianza kulipa waziwazi. Nyambui, umri ukiwa umesogea, hakung'ang'ania uwanjani. Alihamia marathoni, akashinda ile ya Berlin mwaka 1987 akiwa na miaka 34, na akarudia mwaka uliofuata. Baadaye aligeuka kocha, kisha katibu mkuu wa chama cha riadha nchini.

Mkulima wa pamba ataelewa: hakuweka mbegu zote katika shamba moja. Alipanda mbio, akapanda elimu, na mbio zilipokwisha ujuzi ukabaki.

Mwaka 2025 Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo, na vijana wengi watatamani kufuata nyayo zake. Mzazi wa Mwanza au Musoma mwenye mtoto mwepesi wa miguu asimnyime shule kwa sababu ya mbio, wala asimnyime mbio kwa sababu ya shule. Vyote viwili ni mtaji.