Ndoa Ivunjikapo, Malezi Yasivunjike

Mwalimu hahitaji kuambiwa kwamba nyumba ya mwanafunzi wake imeingiwa na mfarakano. Huona mwenyewe: kazi ya ziada haifanywi, karo haiji, na mzazi aliyezoea kuhudhuria mikutano ya shule sasa anatuma udhuru. Mtoto huyo, awe wa Wote au wa Mutomo, hakushtaki wala hakushtakiwa, lakini ndiye anayetumikia kifungo. Wahenga walinena kwamba fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi.

Si nia yangu kuwahimiza watu waachane. Hata hivyo, zipo ndoa zilizokwisha kufa, na kuzikalia matanga mahakamani miaka nenda miaka rudi ni kuongeza msiba juu ya msiba. Hapo swali si iwapo wawili hao wataachana, bali wataachanaje.

Huku Ukambani ndoa haikuwa kamwe mapatano ya watu wawili tu. Mbuzi wa ntheo walipopelekwa kwa wazazi wa msichana, koo mbili zilikuwa zikifunga fundo. Ni haki basi fundo hilo lisifunguliwe gizani. Sheria ya leo haikuyatupa mabaraza ya wazee. Kifungu cha 159 cha Katiba ya 2010 kinaziagiza mahakama kukuza upatanishi pamoja na njia za jadi za kutatua migogoro. Sheria ya Ndoa ya 2014 nayo inawaruhusu waliooana kimila kupitia usuluhishi wa kimila kabla mahakama haijaamua ombi la talaka, mradi utaratibu huo usikiuke Katiba. Waliofunga ndoa kanisani wanaweza kuvitumia vyombo vya upatanishi vya kanisa lao. Aidha, mwaka 2016 Idara ya Mahakama ilianzisha jijini Nairobi mpango wa kupeleka kesi kwa wapatanishi walioidhinishwa, na baadaye ukaenezwa kwingineko nchini.

Mpatanishi si hakimu. Hatoi hukumu, wala hamlazimishi mtu kurudiana na mwenziwe. Kazi yake ni kuwawezesha wawili hao kukubaliana: watoto watakaa na nani, karo italipwa na nani, shamba na nyumba vitagawanywaje. Yasemwayo mbele yake ni siri. Wakiafikiana, mapatano huandikwa, na yakipitishwa na mahakama huwa na nguvu ya amri. Talaka yenyewe, hata hivyo, hutolewa na mahakama, si na mpatanishi wala baraza.

Hapa pana hatari ambayo hatuna budi kuitaja. Si kila kimya ni ridhaa. Baraza likijaa wazee wa upande wa mume, mama aliyechimba matuta ya shamba katika milima ya Kilungu, au aliyepalilia pojo Kitui miaka ishirini, anaweza kuondoka na nguo zake tu, kisha ikasemwa kwamba wameachana kwa amani. Hiyo si amani. Ni unyang'anyi wenye adabu. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inatambua kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kazi za shambani kuwa mchango katika mali. Mnamo Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba usawa wa wanandoa hauna maana ya kugawana nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja sharti athibitishe mchango wake. Anayekwenda kupatanishwa na aende akiijua haki yake. Na palipo na kipigo, mahali pa kukimbilia ni polisi na mahakama, si mkeka wa mapatano.

Walimu wenzangu, sisi si mawakili, wala haifai tuegemee upande wowote. Twaweza lakini kumwambia mzazi anayetujia na machozi kwamba ipo njia nyingine kabla ya vita, na kumkumbusha kwamba Kifungu cha 53 cha Katiba kinayaweka maslahi ya mtoto mbele ya yote. Nanyi wanafunzi, jueni kwamba hamkuivunja ndoa ya wazazi wenu, wala si kazi yenu kuiunga.

Mume na mke huweza kuachana. Baba na mama hawaachani na mtoto wao.